Resian Angelala Wapi?

Kuanzia mtihani wa KCSE wa 2018 hadi ule wa 2022, kila mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya alilazimika kumjua Resian. Aliyesomea shule ya kutwa Kitengela, katikati ya vumbi la malori na maduka ya vifaa vya ujenzi, na aliyesomea bwenini Kajiado mjini, wote walifungua riwaya moja, Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, na wote wakafundishwa jibu moja. Resian ni jasiri. Resian ana msimamo thabiti. Resian ni mwenye maono. Baada ya kila sifa, mfano mmoja kutoka kitabuni. Miongozo iliyouzwa kando ya barabara ililipanga jibu hilo vizuri kiasi kwamba mwanafunzi mwerevu angeweza kupata alama zake bila kuigusa riwaya yenyewe, na wengine walifanya hivyo.

Jibu hilo si la uongo. Walakini wake ni kwamba linaufanya msimamo wa mhusika uonekane kama rangi ya macho: umezaliwa nao au hukuzaliwa nao. Mwandishi wa riwaya hafanyi kazi hivyo. Yeye humchukua mtu mwenye imani fulani, akamwondolea mlo, nauli, ndugu na paa, kimoja baada ya kingine, kisha akatazama imani hiyo inabaki na nini. Kwa hiyo katika sura hii ninamfuata Resian kwa swali ambalo watahini hawakuliuliza: usiku aliotoka nyumbani kwa baba yake, angelala wapi?

Kwanza mwandishi mwenyewe. Ole Kulet, mzaliwa wa Narok aliyefariki Februari 2021, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Is It Possible?, mwaka 1971. Tangu hapo alikuwa akilizunguka suala moja: Mmaasai aifanye nini shule, na shule imfanye nini Mmaasai. Riwaya zake za mwanzo ni za wavulana. Ilimchukua muda mrefu kuwafikia wasichana, na kwa kisa chao aliandika kitabu chake kilichosomwa kuliko vyote. Blossoms of the Savannah ilitoka 2008, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Kisa ni rahisi kukisimulia. Ole Kaelo amepunguzwa kazini katika kampuni moja mjini Nakuru. Anafungasha kila kitu, anamchukua mkewe, Mama Milanoi, na mabinti wao wawili, Taiyo na Resian, na kurudi kwa ukoo wake Nasila. Nasila haipo kwenye ramani. Ole Kulet aliibuni. Ila mtu aliyewahi kusafiri kutoka Kitengela kupitia Isinya na Kajiado hadi Ilbissil, akaona jinsi maghorofa yanavyopungua na ng'ombe wanavyoongezeka, atakuwa na picha inayomtosha. Wasichana wamemaliza sekondari na ndoto yao ni Chuo Kikuu cha Egerton. Hawajakeketwa. Nakuru hakuna aliyewahi kuwauliza. Nasila hata vijana wa rika lao wanajua, na tusi wanalo tayari: intoiye nemengalana, wasichana wasiopashwa tohara.

Inafaa kukumbuka kwamba tusi hilo, ambalo msomaji wa Nairobi huenda akalipita haraka, sasa ni kosa la jinai. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 ina kifungu kinachomtia hatiani mtu anayemkejeli mwanamke kwa sababu hakukeketwa, au mwanamume kwa sababu ameoa mwanamke kama huyo: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Wabunge waliopitisha kifungu hicho walijua kinachowavunja wasichana. Wembe huja mwishoni. Kabla yake kuna miaka ya kuchekwa mtoni na kunyimwa nafasi ya kuketi na wenzako.

Resian anachukiwa na baba yake tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa mzee alikuwa akimngojea mvulana. Ole Kulet hakuliweka jambo hili kitabuni kwa huruma tu. Mtoto aliyekwisha kukataliwa hana cha kupoteza akikataa naye. Taiyo, dada mkubwa, anapendwa; anapotaka kwenda Mombasa kwenye tamasha la muziki na baba akamkatalia, anajikunyata na kunyamaza. Resian yeye hubisha. Miongozo ya mtihani hulinganisha dada hawa na kumpa mdogo ushindi, lakini tofauti yao si ya ushujaa. Taiyo ana mapenzi ya wazazi ya kulinda na anayalinda. Akili hiyo hiyo ya kuwaamini watu wake ndiyo itakayomponza.

Kwa sehemu kubwa ya kitabu imani ya Resian ni ya mdomo. Anajua anachokikataa. Anachokitaka kina jina la mtu mmoja ambaye hajawahi kumwona: Minik ene Nkoitoi, mwanamke aliyesoma Makerere na sasa anaendesha ranchi ya kondoo, ambaye watu wa Nasila humwita Emakererei. Wazee wanamlaani kwa kuwapokea wasichana waliotoroka, na sifa zake zinamfikia Resian zikiwa zimechanganyika na laana hizo. Nadhani hapa ole Kulet ameona mbali. Habari za mahali pa kukimbilia mara nyingi husafirishwa na wale wanaopachukia. Wakitukana sana, hutaja njia.

Kisha Oloisudori anaingia. Ni tajiri, jambazi, na biashara ya ole Kaelo imefungamana na pesa zake kiasi kwamba mzee hawezi kumwambia hapana. Oloisudori anamtaka Resian awe mke wake. (Kwa maoni yangu mhusika huyu ametiwa uovu kupita kiasi. Mchumba mwenye sura ya kawaida, mwenye adabu na mifugo ya halali, angeutikisa msimamo wa Resian kwa njia ngumu zaidi, na ndiye anayepatikana kwa wingi zaidi.) Resian anapogundua mpango huo anatoka nyumbani. Na hapa swali langu linapata jibu lake la kwanza, ambalo ni baya: hana pa kulala. Anakimbilia kwa mwalimu Joseph Parmuat, nyumba ambayo baba yake angeifikia bila kupotea njia. Anatokea Olarinkoi, kijana aliyekuwa akiingia na kutoka kwao, na kumwahidi kumfikisha kwa Emakererei. Resian anapanda gari usiku pamoja naye. Wanapofika si ranchini. Ni kibanda kichafu porini, Olarinkoi anataka kumbaka, na mama yake Olarinkoi, ambaye ni ngariba, yuko njiani.

Msomaji asiruke hapa. Msichana mwenye msimamo thabiti kuliko wote katika riwaya amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, mahali pabaya kuliko pale alipotoka. Ushujaa wake ulimtoa nyumbani tu. Kibandani anamng'ata Olarinkoi kidole gumba na kujinusuru, lakini kung'ata si kuondoka. Anaugua, yuko mbali, na hajui njia.

Anayemwokoa ni Nabaru. Mwanafunzi ukimwomba ataje wahusika wenye msimamo, Nabaru hutajwa wa nne au wa tano, na wengine humsahau kabisa. Ni mwanamke wa makamo aliyewekwa pale kumhudumia mgonjwa ili apone, akishapona akatwe. Hatoi hotuba. Anampikia, anamuuguza, na wakati ngariba hajafika anamtoa na kumpeleka kwa Minik. Nabaru anazijua njia, anawajua watu, na akishafanya hivyo hana namna ya kurudi kuishi alikokuwa akiishi. Ukipima imani kwa kile mtu alichokiacha nyuma, huyu aliacha zaidi ya Resian, maana Resian alikuwa na Egerton mbele yake. Nabaru mbele yake hakukuwa na chochote alichoahidiwa.

Watahiniwa wale wale wa 2018 hadi 2022 walisoma pia, kwa lazima, tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House, ya mwaka 1879. Nora anamwacha mume na watoto, na mlango unasikika ukifungwa. Kila mtu anaukumbuka mlango. Wachache wanakumbuka kwamba dakika chache kabla yake Nora amekwisha kumwambia mumewe kwamba atalala kwa rafiki yake Kristine, na kesho yake atasafiri kurudi kule alikozaliwa. Ibsen, mtu wa tamthilia, aliona ni lazima kitanda kipatikane kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1923 Lu Xun, mwandishi wa Uchina, aliwahutubia wanafunzi wa chuo cha wanawake Beijing juu ya yale yanayompata Nora baada ya pazia kushuka. Wasichana wale walikuwa wakimwabudu Nora. Lu Xun akawaambia kwa ukavu kwamba asipokuwa na pesa mkobani, Nora ana njia mbili tu: kuharibikiwa au kurudi nyumbani. Ole Kulet anakubaliana naye bila kumtaja. Minik katika riwaya yake si malaika. Ni meneja wa ranchi. Ana mshahara, ana magari, ana wafanyakazi, ana kondoo wanaohitaji watu wa kuwachunga. Msichana akifika kwake, kuna kazi kesho asubuhi.

Kajiado kulikuwa na mtu wa namna hiyo kabla riwaya haijaandikwa. Shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya kanisa la AIC mjini Kajiado ilianzishwa mwaka 1959. Chini ya Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wake kwa miaka mingi, ikajulikana nchi nzima kwa kuwapokea wasichana waliotoroka ndoa, baadhi yao wakiwa wameposwa hata kabla hawajazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika, liliichagua kuwa mojawapo ya vituo vyake vya mfano. Ukisoma habari za shule hiyo unakuta maneno machache juu ya haki na maneno mengi juu ya magodoro, karo, sare na likizo.

Likizo hasa. Desemba shule hufungwa kwa wiki nyingi, na kidonda kinapata muda wa kupona kabla ya Januari. Kwa hiyo Desemba ndiyo msimu wa wembe. Bweni linalofungwa likizo halimwokoi mtu. Kajiado wasichana waliookolewa walibaki shuleni wenzao walipokwenda nyumbani. Mtu alilazimika kubaki nao, kuwapikia, kuwalinda, na kujibizana na wazazi waliokuja getini. Kazi hiyo ilihitaji pia chifu anayekubali kuandika barua na polisi anayekubali kuondoka kituoni. Na wasichana walipokua ilihitaji safari za kurudi bomani kuwapatanisha na baba zao, kwa sababu msichana asiye na kwao ni mtu asiye na ukoo, na hilo hakuna aliyelitaka, hata Nangurai.

Kuna ajabu moja ndani ya historia hii. Kanisa la AIC lilizaliwa na misheni ya Africa Inland Mission. Mwaka 1929 misheni hiyo, pamoja na ile ya Waskoti, iliwataka waumini na walimu wake wa Kikuyu waape kuachana na tohara ya wasichana. Kiapo kiliwekewa dole gumba, nacho kikaitwa kirore. Maelfu walikataa, wakahama, wakajenga makanisa na shule zao huru. Miaka 30 baadaye kanisa lile lile likafungua bweni Kajiado. Sidhani kwamba imani yake ilikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mara hii liliwapa watu kitu badala ya kuwadai kitu.

Mgogoro wa 1929 ndio uliompa Ngũgĩ wa Thiong'o mhusika ambaye ningependa awekwe dawati moja na Resian. Katika The River Between, ya 1965, Muthoni ni binti wa Joshua, mhubiri mkali ambaye kwake tohara ni dhambi. Muthoni ni Mkristo wa kweli, anasali, anaamini. Na anataka kutahiriwa. Anataka awe mwanamke kamili wa kabila lake na abaki wa Yesu, vyote pamoja. Anamkaidi baba yake, anatoroka, na kidonda kinamwua.

Muthoni na Resian wamefanya tendo moja kuelekea pande mbili. Wote ni mabinti, wote wamekataa amri ya baba, wote wametoroka nyumbani. Jibu la mtihani, jasiri, mwenye msimamo, linawafaa wote wawili neno kwa neno. Na Muthoni alikuwa na pa kulala: shangazi yake alikuwa Kameno, ng'ambo ya mto, na ni huko alikokwenda. Ndiyo maana kutoroka kwake kulifanikiwa mara ya kwanza na kwa Resian hakukufanikiwa. Msichana anayekimbilia mila hupata nyumba nyingi zikiwa na milango wazi. Anayeikimbia mila hupata moja, tena mbali, na huenda aliyempa lifti ni Olarinkoi.

Jambo hili si la vitabuni peke yake. Mwaka 2014 wanawake wa Kimaasai waliandamana Enkorika, hapo hapo Kajiado, mamia yao, wakiipinga sheria ya 2011. Walitaka waachiwe wenyewe uamuzi juu ya miili yao na mila yao. Sheria waliyoipinga hadharani ina kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000 kwa atendaye kosa lenyewe, na ina adhabu kwa anayejua akanyamaza. Waliotembea barabarani siku ile walijitokeza kwa nyuso zao. Nani atasema hawakuwa na msimamo? Mimi naamini walikosea. Lakini nikiwa msomaji wa riwaya siwezi kuwanyima neno ninalompa Resian, na mwalimu anayefundisha kwamba kusimamia imani ni sifa njema, akaishia hapo, amewafundisha wanafunzi wake kuwasifu ngariba pia. Mama yake Olarinkoi anaamini kazi yake kwa dhati. Pengine hakuna mtu katika Blossoms of the Savannah anayeamini jambo kwa utulivu kuliko yeye.

Tofauti, kama ipo, iko katika nani anayelipa. Muthoni aliilipia imani yake kwa mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana tunamlilia hata tusipokubaliana naye. Ngariba anailipia ya kwake kwa mwili wa mtoto wa mwenzake. Joseph Parmuat, kijana aliyepewa kazi ya kuwafundisha wasichana mila za Kimaasai, anampenda Taiyo na hawezi kumwoa kwa kuwa ni wa ukoo mmoja. Anaitii mila hiyo, na mila nyingine anaikataa hadi kifo, maana anauawa akijaribu kumwokoa Taiyo. Ni mhusika wa nadra: anachagua ndani ya mila, kipande kwa kipande. Ole Kulet anampitia haraka sana akifa. Nilitarajia ukurasa zaidi.

Kimana, upande wa Loitokitok ambako Kajiado inapakana na Mlima Kilimanjaro, kulitokea kisa cha dada wawili ambacho mtu angedhani kimenakiliwa kutoka riwayani, ila ni cha kweli na kilianza kabla yake. Nice Nailantei Leng'ete alikuwa na miaka 8, yatima, alipotoroka pamoja na dada yake na kujificha mtini. Walirudishwa, wakapigwa. Mara ya pili dada alikataa kukimbia. Alibaki na akakeketwa. Nice akakimbia. Baadaye alimwambia babu yake kwamba akilazimishwa ataondoka asirudi tena, na mzee, ambaye hakuwa ametamka neno lolote dhidi ya mila maishani mwake, akaamua kwamba ni afadhali awe na mjukuu asiyetahiriwa kuliko kutokuwa naye kabisa. Kwa uamuzi huo wa mzee mmoja msichana akapata kitu ambacho Resian hakukipata: kukataa na bado kulala kwao.

Miaka baadaye, akifanya kazi na shirika la afya la Amref, Leng'ete hakuanza na wasichana. Alianza na morani, wale vijana ambao ndio watakaooa, akakaa nao muda mrefu kabla hawajakubali hata kumsikiliza, kisha wazee. Wazee wakampa fimbo nyeusi ya uongozi, heshima ambayo haikuwa ya wanawake. Mwaka 2018 jarida la Time lilimweka katika orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi duniani. 2021 akachapisha kumbukumbu zake, The Girls in the Wild Fig Tree. Kama mwandishi wa riwaya angemhitaji babu yule, sijui angemwandika vipi bila kumfanya mtakatifu. Ole Kaelo ni rahisi zaidi. Baba anayeshindwa ana sababu zinazoonekana: deni, aibu, Oloisudori.

Anayenisumbua mimi ni Mama Milanoi. Yeye alikeketwa, anajua maumivu yake, na ametambua kwamba mabinti wake hawahitaji jambo hilo. Kichwani mwake amekwisha kuwa upande wa Resian. Halafu anashiriki katika hila inayompeleka Taiyo kwenye wembe, Taiyo akidanganywa kwamba anapelekwa aliko mdogo wake. Madarasa mengi humwandika msaliti na kwenda mbele. Lakini mwulize naye swali lile lile. Angesema hapana, usiku ule angelala wapi? Nyumba ni ya mume. Duka ni la mume. Shemeji, majirani na ukoo wote ni wa mume, kwa kuwa Nasila ni kwa mume. Nakuru, alikokuwa na maisha mengine, kumefungwa. Minik anapokea wasichana. Nani anapokea mke wa miaka arobaini na kitu?

Hapo ndipo Kitengela inaponisaidia kumwelewa. Mwaka 1968 sheria iliruhusu ardhi ya Wamaasai isajiliwe kama ranchi za vikundi, na majina yaliyoingia daftarini yalikuwa karibu yote ya wanaume, wakuu wa familia. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Yaani hati za wanaume. Kisha Nairobi ikafurika kuelekea kusini. Vipande vikakatwa viwanja, viwanja vikawa ploti za robo na nusu ya robo ekari, na sensa ya 2019 ikaukuta mji wa Kitengela na watu 154,436. Wapo wake waliojua kwamba shamba limeuzwa walipoona mnunuzi akichimba mashimo ya nguzo. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuwa na imani yoyote juu ya binti yake. Hana pa kuisimamishia.

Mpango mmoja wa wanyamapori hapo hapo Kitengela ulionyesha bila kukusudia jinsi mambo haya yanavyoshikana. Kuanzia mwaka 2000 wafugaji walilipwa takriban dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, pundamilia na nyumbu wapate njia ya kutoka Mbuga ya Nairobi. Malipo yalitolewa kwa mafungu matatu, yakilingana na kufunguliwa kwa mihula ya shule. Mbuga ilitaka njia ya nyumbu. Familia zikapata karo. Na msichana aliye darasani hana budi kungojewa na wachumba.

Tangu 2012 sheria imekuwa ikitaka ridhaa ya mke kabla mume hajauza ardhi ya ndoa, na kinyume chake. Kwa hiyo Kajiado leo kuna wanawake wanaoitwa ofisini, wanaowekewa karatasi mbele yao na kuulizwa mbele ya mashahidi kama wanakubali. Wengi husaini. Wengine wameletwa na mume asubuhi hiyo hiyo, kwa gari la mnunuzi, na watarudi nalo.

Ole Kulet aliumaliza mkasa wake kwa kuwapeleka dada wote wawili Egerton, na sina ugomvi mkubwa na hilo. Wasomaji wa miaka 17 wanastahili kuona chuo kikuu mwishoni mwa kitabu, na Taiyo anastahili kuliko wote. Mama yao amebaki Nasila na riwaya haimfuati. Riwaya ya Kitengela ambayo bado haijaandikwa ingemfuata. Ingeanzia ofisini, kalamu ikiwa mezani, mume akitazama saa, mnunuzi nje akizungumza kwa simu, na mwanamke anayetaka kujua, kabla hajasaini, ni ekari ngapi zinabaki na zitaandikwa kwa jina la nani.